Kitabu cha Alhamisi, Kura ya Jumapili

Alhamisi, 5 Juni 1997

Sare tena! Wiki ya tatu sasa. Kahama kura moja, Nyarugusu kura moja, Samuye kura moja. Kila kituo kinajipigia chenyewe bila haya. Klabu ya Vitabu ya Hewani imekwama, na Alhamisi tatu zimepita bila hata ukurasa mmoja kusomwa.

Nieleze kidogo, maana shajara hii itasomwa na vizazi. Sisi ni vituo vitatu vya redio koli, zile za kuitana na kujibizana hewani. Mimi, Athanas, niko Nyasubi, Kahama, kwenye duka la vipuri vya baiskeli la Mzee Liaquat. Kalisti yuko Nyarugusu, kwa tajiri mmoja anayenunua dhahabu. Mwalimu Sesilia yuko Samuye, anatumia redio ya parokia. Mchana hewa ni ya biashara. Alhamisi saa kumi na moja jioni hewa ni yetu. Watu wanakaa kuizunguka redio, na mmoja wetu anasoma kitabu kwa nusu saa. Nakala huwa moja tu, kwa hiyo kituo chenye kitabu ndicho kinachosoma. Utamu wote uko hapo! Kitabu chako kikichaguliwa, ni sauti yako tu hewani kwa miezi miwili.

Na Mwalimu Sesilia anakusikiliza. Miezi miwili! Sijawahi kumwona. Namjua sauti tu. Akiita, "Kahama, Kahama, unanisoma?" ninashika meza. Nimeshaamua kumwoa. Yeye bado hajaambiwa. Atajua mwenyewe akinisikia ninavyosoma.

Kitabu changu ni *Bastola Ndani ya Mkate*. Upelelezi, maiti saba. Cha Kalisti ni *Damu Kwenye Kokoto*, maiti kumi na moja, na anaringa nazo. Cha Mwalimu ni *Jiko la Mama Mkwe*. Maiti hakuna. Nampenda, lakini nani atakaa nusu saa nzima bila maiti?

Mzee Liaquat anasema klabu inamalizia betri yake. Lakini kila Alhamisi jioni hukumbuka kuhesabu nati karibu kabisa na redio.

Ijumaa, 6 Juni

Sijakaa chini leo. Nimezunguka duka mpaka Mzee Liaquat akaniambia kama lazima nitembee, basi nitembee na ufagio. Nimefagia mara tatu. Nikiwa nafagia ya nne, wazo likaja!

Mwaka juzi nchi nzima ilipiga kura ya vyama vingi. Mtu mmoja, kura moja. Kwa nini klabu ipige kwa vituo? Tupige kwa vichwa! Na tupigie hapa hapa Nyasubi. Kutoka Nyarugusu watakuja wangapi, umbali huo wote? Kalisti na rafiki yake. Kutoka Samuye atakuja Mwalimu peke yake, nami nitamwona. Hapa Nyasubi nina majirani thelathini ambao wameshaniahidi. Ushindi wa haki kabisa, na umepangwa.

Jioni nilikwenda kwa shangazi kuwaangalia mbuzi wangu watatu. Ndio mwanzo wa mahari. Wamenona. Niliwaangalia nikafurahi, kisha nikaanza kuzunguka zizi.

Jumapili, 8 Juni

Maafa! Wiki iliyopita nilisahau *Bastola Ndani ya Mkate* kwenye benchi la Mama Onesmo, mama ntilie wa jirani. Amefungia maandazi kurasa za mwisho. Thelathini! Nilipomlalamikia alishangaa kweli. Alidhani kitabu kilichoachwa kwenye benchi la maandazi kimeletwa kwa kazi hiyo. Nyasubi nzima imebeba mwisho wa kitabu changu, na hakuna hata mmoja anayekumbuka muuaji ni nani.

Si neno. Tukifika huko nitatunga mwenyewe. Muuaji ataitwa Kalisti.

Jumatatu, 9 Juni

Nimetangaza! Niliwaomba Nyarugusu na Samuye wabaki hewani baada ya biashara ya asubuhi.

Kwanza niseme jambo. Kalisti ana tabia ya kunicheka matamshi. Anasema mimi nikitamka "redio" yeye anasikia "ledio". Wivu mtupu. Mimi ni Msukuma, sikatai, lakini Kiswahili changu nimekisomea.

Basi nikatangaza polepole, neno kwa neno, mara tatu: Jumapili tarehe kumi na tano, saa sita mchana, Nyasubi, nje ya duka, kutakuwa na kura. Kalisti akaomba nirudie neno la mwisho. Nikarudia. Kisha akauliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kama ni kwa watu wote. Nikasema wote. Hata wachimbaji? Hata wachimbaji. Bure? Nikashangaa. Tangu lini kura ikalipiwa! Bure, nikamwambia, ni haki ya kila mtu. Nyuma yake nikasikia watu wanashangilia. Sikujua Nyarugusu wanapenda demokrasia kiasi hicho.

Akauliza kama mtu anaweza kurudia. Nilijua atanijia na hila hiyo! Nikamjibu kwa ukali: mtu mmoja, kura moja. Akauliza habari za watoto. Nikasema kura ni kwa wenye miaka kumi na minane kwenda juu. Akasema nina roho ngumu. Nikamwambia sheria ni sheria, tena kura ni siri, kila mtu ataingia peke yake nyuma ya pazia. Akauliza pazia la nini. Nikasema ili jirani asichungulie. Akasema haya, kila mji na desturi zake.

Mwalimu Sesilia alikuwa akisikiliza muda wote. Mwishoni akaniuliza kama nina hakika na neno hilo. Nikasema nina hakika nalo mia kwa mia. Nikamsikia anacheka. Kicheko hicho! Akasema vizuri, Kaka Athanas, Samuye tutakuja.

Alisema tutakuja, si nitakuja. Labda ni heshima tu.

Jumatano, 11 Juni

Kampeni. Nimepita nyumba kwa nyumba. Fundi viatu ameahidi. Muuza mkaa ameahidi. Mama Onesmo ameahidi, kwa sharti kwamba nisimtajie tena kurasa.

Kalisti aliita asubuhi, amechangamka mno. Anasema wachimbaji wake wameanza kuruka chakula cha jioni kwa ajili ya Jumapili. Vitisho! Wanafunga ili kunitia presha. Nikamwambia hewani hatutishwi na mgomo wa kula. Akacheka mpaka akazima redio.

Sina raha. Mguu wangu wa kulia hautulii chini ya meza. Mzee Liaquat ameusukuma na fimbo yake mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni

Kila kitu tayari. Sanduku la kura ni boksi la beringi, nimelitoboa juu. Pazia ni kitenge cha shangazi. Karatasi nimekata mwenyewe. Jina la *Bastola Ndani ya Mkate* nimeliandika kwa herufi kubwa kidogo. Si kosa, kitabu chenyewe ni kinene.

Nimenyoa. Nimepiga pasi shati. Kesho namwona Mwalimu Sesilia! Nimejaribu kusoma gazeti ili nitulie, nikajikuta nimesoma tangazo moja la sabuni mara nane.

Jumapili, 15 Juni

Sijui nianzie wapi. Naogopa hata kuandika.

Saa tano na nusu likaja lori kutoka Nyarugusu. Si Kalisti na rafiki yake. Lori zima! Wachimbaji wamesimama wamebanana, wanaimba. Wakaruka chini, na kila mmoja akachomoa sahani. Sahani! Wengine na vijiko mfukoni. Sijakaa sawa likaja lori la pamba kutoka Samuye. Akina mama wamevaa vitenge vyao vya sherehe, wazee na fimbo zao, na watoto ambao niliwakataza waziwazi.

Wakapanga mstari mbele ya pazia bila kuambiwa. Mzee mmoja wa Samuye akafunua boksi langu la beringi, akachungulia, akaona karatasi. Akanisalimu vizuri, "Mwadila," kisha akaniuliza chakula kiko wapi.

Chakula gani? Kalisti akajitokeza. Jamaa mwenyewe mfupi, kumbe, sauti nzito yote ile ni ya redio. Akasema nimetangaza mwenyewe mara tatu kwamba kuna kula. Nikasema nilisema kura. Akasema ndiyo hiyo hiyo, kula. Nikapanda juu ya benchi nikapaza sauti, "Jamani! Nilisema kura!" Umati mzima ukaitikia, "Kula!" Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Wakaitikia kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu mmoja, kula moja. Kula ni siri. Nyuma ya pazia! Nilitamani ardhi ya Kahama ipasuke.

Wachimbaji wakaanza kugonga sahani kwa vijiko. Hawakuwa wanacheka tena. Mzee Liaquat akafunga mlango wa duka kwa ndani. Mimi nikiwa nje! Majirani zangu thelathini nao wakaenda kuchukua sahani zao. Mama Onesmo akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Akasema masufuria anayo, kuni anazo, nyama anajua ninayo mimi.

Mbuzi wangu. Mbuzi wa mahari! Nikamwambia haiwezekani. Akanionyesha vijiko kwa kidevu.

Waliletwa watatu wote. Mzee Liaquat akafungua mlango, akatoka na kisu, akasema lazima achinje Mwislamu ili watu wote wale bila wasiwasi. Halafu akatoa gunia la mchele, akaniambia si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya jina la duka.

Nikiwa nimekaa juu ya boksi la kura nimejiinamia, akaja mwanamke mmoja, mnene kiasi, ana mwanya, mikono ya gauni ameikunja mpaka kwenye kiwiko. Akamnyang'anya Mama Onesmo mwiko, akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Kisha akamwita mtu aje na kuni. Ile sauti! Nikashika benchi. Ni yeye. Si mrefu kama nilivyodhani. Ni mzuri kuliko nilivyodhani.

Watu walikula. Walishiba. Walipoanza kulegeza mikanda nikaona huu ndio wakati, nikatangaza upigaji kura, nikionyesha karatasi kwa vidole ili pasiwe na utata. Wakakubali wote, maana mtu aliyeshiba hakatai kitu. Nilijipa moyo. Nyama ni ya nani? Yangu! Watanipa mimi.

Matokeo. *Damu Kwenye Kokoto*: kura kumi na mbili. *Jiko la Mama Mkwe*: kura tisini na sita. *Bastola Ndani ya Mkate*: kura tatu. Zote tatu zangu.

Kumbe Mwalimu Sesilia ndiye aliyekuwa akipakua. Kila aliyenyoosha sahani aliwekewa nyama, akanong'onezwa kwamba anayepakua kitabu chake ni kile chenye neno jiko. Fundi viatu! Muuza mkaa! Mama Onesmo mwenyewe! Nimewalisha wapiga kura wa mpinzani mbuzi wangu watatu. Na Mwalimu, ambaye mbuzi wale walikuwa wake, alijipakulia paja.

Baadaye alinisaidia kusugua masufuria. Akaniambia wazi kwamba siku ile hewani alinielewa tangu mwanzo. Amefundisha watoto wa Samuye miaka tisa, kula na kura kwake hazimpi taabu. Lakini akawaambia watu wake ni kula, kwa sababu tangu uchaguzi wa mwaka juzi hakuna ambaye angepanda lori kwa ajili ya kura. Akina mama wa Samuye wanatoka shamba wamechoka, akasema, wanaketi kusikiliza, na kila mara ni bastola. Walitaka angalau mara moja wasomewe kitu kinachowahusu. Akaniangalia bila kuomba msamaha.

Mwanamke hatari! Nilimpenda hapo hapo mara mbili.

Akaniuliza kama ni kweli mbuzi walikuwa wangu. Nikasema ndiyo. Walikuwa wa nini? Nikasema wa shughuli maalumu. Akatabasamu, ule mwanya ukaonekana, akasema Mama Onesmo ameshamwambia ni shughuli gani. Nikaangusha kifuniko. Akaacha kusugua. Akasema lori linaondoka baada ya muda mfupi, na kama nina neno la kumwambia, basi ndiyo nafasi.

Nilikuwa nalo. Nikamwomba turudie kuhesabu kura.

Aliniangalia kwa muda mrefu. Akajifuta mikono, akanirudishia gunzi la kusugulia, akaenda kupanda lori.

Jumatatu, 16 Juni

Zizi tupu. Shangazi hasemi nami. Nimezunguka duka bila ufagio, na Mzee Liaquat hakuniambia kitu. Inatia wasiwasi zaidi.

Lakini nimefikiri. Kwa nini Mwalimu alinyamaza nilipoomba kuhesabu upya? Kwa sababu anajua hesabu ina matatizo! Anaogopa. Hapo ndipo pa kubana.

Mpango mpya: *Jiko la Mama Mkwe* kisipendwe kwenye sura ya kwanza, tutadai kura nyingine. Nyarugusu kuna kura nyingi za wachimbaji. Nikiwapata hao, nasoma mimi. Na nikisoma mimi, mengine yatajipanga yenyewe.

Alhamisi, 19 Juni

Usomaji wa kwanza. Sijawahi kuona watu wengi hivi dukani. Walikaa mpaka barabarani. Mzee Liaquat aliacha hata kujifanya anahesabu nati, akaleta kiti.

Saa kumi na moja kamili, Mwalimu akaanza kusoma. Watu kimya. Mimi nilikuwa na karatasi yangu pembeni na kazi ya kufanya: majina ya wachimbaji wa kushawishi, maneno ya kuwaambia, njia ya kuwakwepa watu wa Kalisti. Nilijaza pande zote mbili. Nusu saa iliisha sijajua. Kazi nzuri sana.

Nilishtuka tu kwa sababu kimya kilikuwa kimezidi. Nikainua kichwa. Duka zima linanitazama mimi. Mama Onesmo ameziba mdomo kwa khanga. Mzee Liaquat amesimama! Redioni Mwalimu anaita, sauti imeshuka kidogo, "Kahama, Kahama, unanisoma? Nasubiri jibu lako. Ova."

Maoni ya msikilizaji! Nafasi yenyewe hiyo! Nikashika kipaza sauti. Nikasema nakusoma vizuri sana, Samuye. Nikasema nimesikiliza kwa makini kila neno, na kwa maoni yangu sehemu ya mwisho ndiyo dhaifu kabisa. Haina mvuto. Ingefaa kufupishwa, au kuondolewa yote. Ova.

Redio inakwaruza tu. Kalisti akadakia kutoka Nyarugusu, anauliza kama amesikia sawasawa, iondolewe yote? Nikarudia kwa msisitizo: yote! Akasema asante sana, Kahama, asante sana ndugu yangu. Mara ya kwanza kuniita ndugu.

Mwalimu akasema, "Imepokelewa." Akafunga redio kabla ya salamu.

Imemchoma! Mzee Liaquat alikaa tena kitini, akasema neno moja la Kigujarati ambalo hakutaka kunitafsiria.

Ijumaa, 20 Juni

Nyasubi yote leo inaniangalia kwa jicho la ajabu. Muuza mkaa amenipa pole. Nimemuuliza ya nini, akaondoka akitikisa kichwa.

Mama Onesmo amekuja na chai bila kuagizwa. Ananiambia kwamba Mwalimu, alipomaliza sura, alisema Jumamosi anakuja Kahama, atashuka stendi saa nne asubuhi, na angefurahi sana apokelewe na Athanas, kama Athanas bado ana lile neno. Na kwamba asipopokelewa ataelewa, wala hatauliza tena.

Nilicheka, lakini kwa upole, maana Mama Onesmo hajazoea vitabu. Nikamweleza kwamba huyo ni mhusika, na stendi hiyo ni ya ndani ya kitabu. Akasema jina lililotajwa ni langu. Nikamwambia majina kufanana ni kawaida katika hadithi. Akasema Mwalimu alitamka kabisa kwamba "hili silisomi, hili ni langu mwenyewe." Nikamwambia hiyo ndiyo hila ya waandishi wote, kumfanya msomaji aamini. Alichukua kikombe chake kabla sijamaliza chai.

Na sasa habari njema! Nilimwita Kalisti kumpima. Anasema kesho hatakuwapo Nyarugusu. Anasafiri alfajiri kuja Kahama, ana mtu wa kumpokea stendi saa nne, na ameazima shati jeupe la tajiri wake. Amefurahi hata haoni hatari. Ataniachia wapiga kura wake wote bila mlinzi!

Nimeshakata tiketi. Basi langu linatoka saa tatu na nusu. Nitashinda Nyarugusu mchana kutwa, duara kwa duara, yaani shimo kwa shimo la wachimbaji, nikitafuta kura. Mwalimu Sesilia akishanisikia nikisoma, ndipo atakapojua kwamba nampenda.